Kutoka kilo hadi kijiko: Safari ya kipimo cha dawa ya mtoto

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

TUSEME mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba, ana mtoto wa kilo 12 aliyeshikwa na homa. Zahanati inampa dawa ya maji ya parasetamoli na kumwelekeza ampe mtoto kijiko kimoja cha chai. Homa inashuka. Wiki kadhaa baadaye mama huyo yuko Bukoba mjini kwa dada yake, Kashai. Homa inamrudia mtoto usiku, na duka la dawa la jirani lina parasetamoli ya watoto ya aina nyingine, kichupa kidogo chenye dropa. Jina la dawa ni lile lile. Mama anampa mtoto kijiko kimoja cha chai, kama alivyofundishwa.

Kichupa cha zahanati kilikuwa na miligramu 120 za dawa katika kila mililita 5. Kile cha Kashai kina miligramu 100 katika kila mililita moja. Kijiko kilichompa mtoto miligramu 120 mara ya kwanza, safari hii kimempa miligramu 500, yaani kiasi kile kile kilichomo katika kidonge kizima cha mtu mzima. Kipimo cha parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja, na si zaidi ya mara nne katika saa 24. Mtoto huyu alistahili miligramu 120 hadi 180.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini dawa za nguvu zote mbili zinatengenezwa na kuuzwa. Nchini Marekani watengenezaji walikubaliana mwaka 2011 kuachana na matone makali ya watoto wachanga na kubaki na nguvu moja tu, miligramu 160 katika mililita 5, kwa sababu ya makosa ya namna hii hii. Kwetu mnunuzi bado anaweza kukutana na kichupa cha 120, cha 250 na cha matone, vyote vikiitwa dawa ya homa ya watoto.

Kosa la mama wa mfano wetu halikuwa la hesabu. Alichokosa ni kuelezwa kwamba kijiko hakipimi dawa bali kinapima maji yaliyobeba dawa. Kati ya uzito wa mtoto na kijiko kinachoingia mdomoni kuna ngazi kadhaa. Kilo za mtoto hugeuzwa kuwa miligramu za dawa, miligramu hugeuzwa kuwa mililita, mililita huingia katika chombo, na mwisho chombo hupangiwa saa. Daktari au mfamasia huzipanda ngazi hizo kwa dakika moja. Mzazi hukabidhiwa jibu la mwisho peke yake, na jibu hilo ni sahihi kwa kichupa kimoja tu, kile alichopewa siku hiyo.

Miligramu si mililita

Miligramu ni kipimo cha uzito, nayo hueleza dawa yenyewe ni kiasi gani. Mililita ni kipimo cha ujazo, na ndiyo ile ile ambayo mitaani huitwa "sisi", kutokana na herufi cc zilizoandikwa kwenye mabomba ya sindano. Sisi 5 ni mililita 5, hakuna tofauti. Lakini hakuna kanuni ya jumla ya kugeuza miligramu kuwa mililita, kwa kuwa kila dawa ya maji ina nguvu yake. Nguvu hiyo huandikwa kwenye lebo, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina, kwa mfano 125mg/5ml.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Chukua miligramu anazotakiwa mtoto, gawanya kwa miligramu zilizoandikwa kwenye lebo, kisha zidisha kwa mililita zilizoandikwa hapo hapo. Miligramu 180 kutoka kichupa cha 120mg/5ml ni mililita 7.5. Miligramu hizo hizo kutoka kichupa cha 250mg/5ml ni mililita 3.6. Kutoka kwenye matone ya 100mg/ml ni mililita 1.8. Mtoto ni yule yule na dawa ni ile ile, ila ujazo umepungua hadi chini ya robo.

Gramu moja ina miligramu 1,000, na miligramu moja ina mikrogramu 1,000. Hatari ya ngazi hii iko katika mwandiko. Kifupi cha mikrogramu, kikiandikwa kwa herufi ya Kigiriki na mkono wenye haraka, husomeka kama miligramu, na hapo mgonjwa hupewa dawa mara elfu. Digoksini, dawa ya moyo, huandikwa miligramu 0.25 mahali pamoja na mikrogramu 250 mahali pengine, na mgonjwa anayehama hospitali huweza kudhani amebadilishiwa kipimo. Sufuri nayo ina ugomvi wake. Nukta tano isiyotanguliwa na sufuri huonekana kama tano nzima iwapo nukta imefifia, na tano iliyofuatwa na nukta na sufuri huonekana kama hamsini. Ndiyo maana wafamasia hufundishwa kuandika 0.5 na si .5, na kuandika 5 na si 5.0.

Baadhi ya namba tunazozikuta kwenye pakiti ni mabaki ya vipimo vya zamani. Aspirini ya kawaida ni ya miligramu 300 au 325 kwa sababu zamani ilipimwa kwa grein, na grein tano ni takriban miligramu 324. Aspirini ndogo ya miligramu 75 wanayopewa wagonjwa wa moyo ni robo ya ile ya 300, na ya miligramu 81 inayotoka Marekani ni robo ya ile ya 325. Waliozoea moja hawana haja ya kuogopa nyingine.

Kijiko cha nani?

Kijiko cha chai katika lugha ya dawa ni mililita 5, na kijiko cha mezani ni mililita 15. Hivyo ni vijiko vya karatasini. Utafiti uliofanyika Ugiriki na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima vijiko vya chai 71 kutoka nyumba 25, na ukakuta kidogo kabisa kinabeba mililita 2.5 na kikubwa kabisa mililita 7.3. Hakuna sababu ya kuamini kwamba vijiko vinavyouzwa Soko Kuu la Bukoba vina nidhamu kuliko vya Athens. Zaidi ya hapo, kwetu neno "kijiko" likitamkwa peke yake humaanisha kwa wengi kijiko cha kulia wali. Muuzaji anayesema "mpe kijiko kimoja" bila kutaja kipi ameacha mlango wazi kwa makosa ya mara tatu.

Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilipendekeza vijiko viachwe kabisa katika maelekezo ya dawa na mililita pekee zitumike. Pendekezo hilo lingefaa huku zaidi ya kule lilikotolewa. Kichupa kikiwa na kikombe cha plastiki chenye mistari, hicho ndicho kipimo. Kisipokuwa nacho, bomba la sindano la mililita 5 au 10 lisilo na sindano ni chombo bora kuliko kijiko chochote cha nyumbani, na bei yake ni ndogo.

Unga unaokuwa dawa

Dawa nyingi za maji za viuavijasumu, amoksisilini ikiwamo, huuzwa zikiwa unga ndani ya chupa, na maji huongezwa wakati wa kuzitumia. Kwenye chupa au lebo kuna mstari. Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yakiishia chini ya mstari, dawa inakuwa kali kuliko ilivyoandikwa, na yakipita inakuwa hafifu. Hesabu yote ya hapo juu inategemea mstari huo. Chupa isipotikiswa kila mara, siku za mwanzo mtoto hunywa maji matamu na siku za mwisho hunywa tope lenye dawa yote.

Amoksisilini inatoa somo jingine, nalo linagusa mfuko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye nimonia asiyehitaji kulazwa ni takriban miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Mtoto wetu wa kilo 12 anaangukia kwenye kundi la miligramu 500 kwa mara moja. Kwa vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka katika maji, hivyo ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, jumla vidonge 20. Kwa dawa ya maji ya 125mg/5ml, ni mililita 20 kila mara, sawa na vijiko vinne vya chai vya kweli. Kwa siku ni mililita 40, na kwa siku tano ni mililita 200.

Chupa ya kawaida ina mililita 100. Mzazi aliyenunua chupa moja, akampa mtoto kipimo kamili, atabaki na chupa tupu katikati ya siku ya tatu. Akitaka imfikishe siku ya tano, itambidi atoe nusu ya kipimo. Njia zote mbili zinamwacha mtoto na nimonia isiyotibiwa sawasawa. Ndiyo maana vidonge vya kuyeyusha vilipendekezwa badala ya chupa, na mzazi anayevidharau kwa kudhani ni dawa ya wakubwa anapoteza chombo rahisi kuliko vyote.

Hesabu za malaria Muleba

Wilaya ya Muleba inaifahamu malaria kwa uchungu. Mwaka 2006 ilikumbwa na mlipuko mkubwa, na mwaka uliofuata upuliziaji wa viuatilifu majumbani ukaanza. Wakati wa mlipuko huo taifa lilikuwa linahama kutoka SP kwenda dawa mseto, ALu. Kilichobadilika si dawa tu, bali pia hesabu ya nyumbani. Mtu mzima alimeza vidonge vitatu vya SP kwa mara moja na kazi ikaisha. Sasa alikabidhiwa vidonge 24 vya kumeza katika mikupuo sita kwa siku tatu, na wengi waliopata nafuu siku ya pili waliona hawana sababu ya kuendelea.

Kidonge cha ALu kina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mkupuo, wa 15 hadi chini ya 25 viwili, wa 25 hadi chini ya 35 vitatu, na kuanzia kilo 35 vinne. Hapa kazi ya kugeuza miligramu imeshafanywa na pakiti, mzazi anatakiwa kujua kilo tu. Lakini kilo zijulikane kwa mizani. Wastani wa umri uliochapishwa pakitini hauwezi kumwona mtoto wa miaka mitatu ambaye hajafikisha kilo 12. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mwezi huu ina thamani kuliko kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa, nayo inafaa kubebwa hata mtu anapokwenda dukani tu.

Kwa malaria kali dawa ni sindano ya artesuneti. Utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kati ya waliopewa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na kati ya waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9. Sindano hiyo hutolewa na wataalamu, lakini naitaja kwa sababu haina mfano katika kuonyesha hoja ya makala haya. Kichupa chake kina unga wa miligramu 60. Huyeyushwa kwanza kwa mililita moja ya bikaboneti. Ikiwa itapitishwa kwenye mshipa, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na kila mililita inabeba miligramu 10. Ikiwa itachomwa kwenye msuli wa paja, huongezwa mililita 2, na kila mililita inabeba miligramu 20. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, kwa kuwa walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo na waliobaki 2.4. Mililita zake ni 3 kwa njia ya kwanza na 1.5 kwa njia ya pili. Muuguzi aliyechanganya kwa njia moja na kusoma jedwali la njia nyingine atatoa nusu au mara mbili ya dawa.

Hata miligramu zenyewe si kila wakati zinasema ukweli wote. Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mwaka 1983, watoto wanaoishi na virusi leo hupewa dolutegravir ya vidonge vya miligramu 10 vya kuyeyusha. Vidonge hivyo hufyonzwa mwilini vizuri zaidi kuliko kidonge kikubwa cha miligramu 50, kiasi kwamba miligramu 30 za kuyeyusha hukaribiana na 50 za kumeza. Mzazi anayekata kidonge chake mwenyewe ili kumpa mtoto hatapata jibu sahihi hata akigawanya kwa uangalifu wote.

Yuniti haina kilo

Kuna dawa zisizopimwa kwa miligramu bali kwa yuniti, na hapa ndipo hesabu za mazoea hukwama. Yuniti hupima kazi inayofanywa na dawa, na kila dawa ina yuniti yake. Yuniti milioni moja za benzilpenisilini ni miligramu 600. Yuniti 100,000 za vitamini A, zile za tone la bluu wanalopewa watoto wa miezi 6 hadi 11 katika kampeni za Juni na Desemba, ni miligramu 30 za retinoli, na tone jekundu la watoto wa mwaka mmoja hadi miezi 59 lina mara mbili yake. Yuniti 100 za insulini hazifiki hata miligramu 4. Anayetaka kugeuza yuniti kuwa miligramu lazima kwanza aulize, yuniti za nini?

Insulini iliyozoeleka sasa ina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba lake limechorwa kwa yuniti. Yuniti 20 ni mililita 0.2, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kukipima kwa uhakika. Mabomba ya zamani yaliyochorwa kwa insulini ya yuniti 40 yakitumika kwa ya 100, kila mstari hutoa dawa mara mbili na nusu, na kushuka kwa sukari kwa kiasi hicho kunaweza kuua. Upande wa kupima sukari, mashine za huku husoma milimoli kwa lita, wakati zile ambazo ndugu huwatumia wazazi wao kutoka Marekani husoma miligramu kwa desilita. Anayezoea kuona 7 akikuta 126 asikimbilie kuongeza dawa. Agawanye kwa 18, atapata 7 ile ile.

Baada ya saa 8, au saa nane?

Ngazi ya mwisho ni ya saa, na ugumu wake umo ndani ya lugha yetu wenyewe. Mkupuo wa pili wa ALu hutolewa saa 8 baada ya wa kwanza. Mwambie mtu "umpe tena baada ya saa nane", naye kwa haki kabisa anaweza kusikia kwamba ampe mchana, saa nane ikishapita. Walimu wa Kiswahili sanifu huwakaripia wanaosema "masaa". Kwenye dirisha la dawa, hata hivyo, ningemwelewa mfamasia anayelitumia, maana mgonjwa hawezi kulichanganya na saa ya ukutani. Lililo bora ni kutaja saa yenyewe. Aliyeanza saa 2 asubuhi, mkupuo wa pili ni saa 10 jioni ya siku hiyo. Kesho yake na kesho kutwa ni saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Na kwa kuwa simu huonyesha 8:00 pale sisi tunaposema saa mbili, anayeweka kengele ahakikishe namba ipi inaandikwa wapi.

Neno "kutwa" lina mtego kama huo. Kutwa ni tangu asubuhi hadi jua linapotua. Anayeambiwa "kimoja kutwa mara tatu", na kwenye bahasha akaona 1x3, huweza kumeza asubuhi, mchana na jioni kabla ya giza, kisha akakaa saa 14 bila dawa. Dawa nyingi za aina hiyo hukusudiwa kila baada ya saa 8 katika siku nzima ya saa 24. Parasetamoli nayo huandikwa mara nne, lakini nafasi kati ya dozi isipungue saa 4, hata kama homa imekaidi.

Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yana wauzaji waliopata mafunzo, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, inasimamia ubora wa kilichomo chupani. Hakuna kati yao anayefika jikoni. Kwa anayetoka Muleba na kuvuka ziwa kurudi Bumbire, Ikuza au Goziba, hakuna wa kumuuliza tena usiku ule. Kabla ya kuondoka dirishani aombe vitu vinne viandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili: kilo za mtoto, miligramu za mara moja, mililita zake kwa chupa hiyo hiyo, na saa za kutoa. Akinunua chupa nyingine baadaye, mililita zihesabiwe upya.

Na kama atakayebaki na mtoto ni bibi asiyesoma, mfamasia au muuguzi amchoree alama kwenye bomba la plastiki mahali dawa inapoishia. Wino wa peni hufutika bomba linapooshwa. Kipande chembamba cha plasta, ukingo wake wa juu ukiwa kwenye mstari, hukaa hadi dozi iishe.